Uzi maalumu: Safari za siku moja kwa gari kutoka Delhi wakati wa baridi. Tupange kwa saa za ukungu, si kwa kilomita

Mleta uzi

Ndugu zangu, salaam. Nimekaa Delhi misimu mitatu ya baridi, kwanza kwa ajili ya kumuuguza mama yangu na baadaye kwa masomo, na kila ifikapo Desemba naulizwa swali lile lile na Watanzania, Wakenya na Wakongo waliokuja kutibiwa au kusoma: tuna siku moja ya mapumziko, tunataka kukodi gari tutoke nje ya mji, twende wapi? Jibu wanalopewa na wengi ni kwamba waamke saa kumi alfajiri, wawahi Agra kuiona Taj Mahal, na jioni watakuwa wamekwisha kurudi. Ushauri huo ni mzuri kwa Oktoba au Machi. Kwa kipindi cha kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari ni ushauri wa hatari, na ndiyo sababu ya kuufungua uzi huu.

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linalotoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Delhi haiko hivyo. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza yapata saa 1:15 asubuhi, na katika Desemba huzama yapata saa 11:30 jioni, kwa hiyo mchana wenyewe ni saa kumi na dakika chache tu. Kutoka katika saa hizo kumi, ukungu huchukua sehemu yake kabla hujaanza kuhesabu foleni. Uwanda wote wa mto Ganga na Yamuna ni tambarare, mashamba ya ngano yanamwagiliwa maji wakati huo huo, na mvua nyepesi zinazoletwa na mawimbi ya hewa kutoka upande wa magharibi huiacha ardhi ikiwa na unyevu. Usiku ukiwa mtulivu, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile ya juu yake, na upepo ukikosekana, unyevu huo hugeuka ukungu unaolala juu ya barabara na kuchanganyika na moshi. Idara ya hali ya hewa ya India huuita ukungu mzito mwonekano unapokuwa kati ya mita 50 na 200, na mzito sana unaposhuka chini ya mita 50. Aghalabu huwa mbaya zaidi kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, yaani saa zile zile ambazo mgeni anaambiwa awe njiani.

Nieleze yaliyotupata. Ilikuwa Januari, mama alikuwa amepata nafuu na daktari wake alimruhusu kutoka kwa siku moja. Tulikodi gari kwa kampuni ndogo ya mtaani, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa kiti cha nyuma amejifunika shali mbili. Tulipoingia katika barabara ya kulipia ya Yamuna, ile ya kilomita 165 iliyofunguliwa mwaka 2012 kuunganisha Greater Noida na Agra, dunia ilitoweka. Dereva hakuona zaidi ya mistari miwili mitatu ya rangi nyeupe mbele ya boneti. Alishusha kioo cha upande wake, baridi yote ikaingia ndani, na nilipomuuliza kwa nini, alisema anataka kusikia malori, maana macho yake hayamsaidii tena. Kila baada ya dakika chache alifuta kioo cha mbele kwa gazeti. Kisha akakanyaga breki taratibu, na mbele yetu tukaona tawi la mti limelazwa katikati ya njia, na nyuma ya tawi mawe matatu, na nyuma ya mawe lori lililoharibika, limesimama bila taa hata moja. Mtu aliyeweka lile tawi ndiye aliyetuokoa. Tulijikokota hadi mahali pa kupumzikia magari, tukakaa ndani ya gari hadi saa nne asubuhi. Taj tuliifikia mchana, tukaiharakia, na wakati wa kurudi ukungu ulikuwa umeanza kulala tena. Tulifika nyumbani saa sita usiku, na mama alikuwa na miadi ya hospitali siku iliyofuata.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ambayo nimewashauri wengi: gari lisiondoke kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, ligeuze kurudi ifikapo saa tisa alasiri, na liwe ndani ya mji kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukiishika kanuni hiyo, huwezi kwenda Agra na kurudi siku moja kwa utulivu. Lakini kuna mahali pengi unapoweza kwenda, na baadhi yake ni pazuri kuliko watu wanavyodhani.

Pa kwanza, na kwangu ndipo bora, ni Sultanpur, hifadhi ndogo ya ndege upande wa Gurugram, chini ya kilomita 50 kutoka katikati ya Delhi. Tangu mwaka 2021 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni ziwa la kina kifupi lenye njia ya kutembea kwa miguu kulizunguka, minara ya kutazamia, na miti ya migunga iliyoota juu ya vilima vidogo ndani ya maji. Watu husema ndege ni wa alfajiri, na ni kweli kwa ndege wa msituni, lakini bata wa majira ya baridi hushinda majini mchana kutwa, kwa hiyo ukifika saa tano hujachelewa. Utawaona bata bukini wenye mistari miwili myeusi kisogoni, ambao huvuka milima ya Himalaya kuja hapa kutoka nyanda za juu za Tibet na Asia ya Kati. Utawaona korongo waliopakwa rangi ya waridi mkiani kama waliokalia chungu cha rangi, na nilgai, yule swala mkubwa wa India mwenye umbo karibu la ng'ombe, akinywa maji ng'ambo. Wapo pia bata wenye mdomo mpana kama upawa. Niliposimama mbele yao mara ya kwanza niliguswa sana, kwa kuwa bata wa aina hiyo hiyo hukimbia baridi ya kaskazini na kufika hadi Naivasha na Nakuru. Mama aliketi kwenye benchi akiwatazama kwa zaidi ya saa nzima, na hakutaka kuondoka. Kumbukeni tu kwamba hifadhi hufungwa siku ya Jumanne. Mkiwa na muda, endeleeni mbele kidogo hadi Farrukhnagar, mji mdogo wenye kisima cha kale cha ngazi chenye pande nane, mahali tulivu ambapo hamtasukumana na mtu.

Pa pili ni Murthal na Panipat, barabara moja, kuelekea kaskazini kwa barabara kuu ya taifa NH44. Hii ndiyo ile Grand Trunk Road ya kihistoria. Murthal iko umbali wa takriban kilomita 50, na inajulikana kwa migahawa yake ya kando ya barabara, inayoitwa dhaba, iliyoanza kwa kuwalisha madereva wa malori na ambayo leo haifungwi usiku wala mchana. Chakula ni cha wasiokula nyama, na kinachowaleta watu ni parata za kujazwa: unga wa ngano unajazwa viazi na vitunguu, au koliflawa, na wakati wa baridi figili au uwatu, kisha unabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo badala ya kukaangwa. Inaletwa mezani ikiwa na bonge la siagi nyeupe juu yake, na siagi hiyo huyeyuka kabla hujanawa mikono. Pembeni huwekwa achari, neno ambalo hamhitaji kufundishwa. Mkipita wakati huo ulizeni pia mboga ya majani ya haradali na mkate wa unga wa mahindi, halua ya karoti, na gajak, ambayo ni kashata ya ufuta na sukari guru, tofauti ikiwa tu kwamba wenyewe huiponda iwe nyembamba na ya kuvunjika.

Baada ya chakula, Panipat iko takriban kilomita 40 mbele. Ni mji wa viwanda na mwonekano wake hauvutii, lakini hapo ndipo Babur, mvamizi kutoka Asia ya Kati, alipomshinda Sultani Ibrahim Lodi wa Delhi tarehe 21 Aprili 1526 na ukaanza utawala wa Wamughali, wale wale waliokuja kuijenga Taj. Kaburi la Ibrahim Lodi lipo, jukwaa la matofali tu, bila kuba, katikati ya bustani ya watu wa mtaani. Msikiti wa Kabuli Bagh, aliouamuru Babur baada ya ushindi, bado umesimama. Mimi naona safari hii inafundisha zaidi kuliko Taj, kwa sababu unasimama mahali mambo yalipoanzia, na karibu huna mgeni mwenzako.

Neemrana, takriban kilomita 120 kwenye barabara ya Jaipur, ni ngome ya mwaka 1464 iliyogeuzwa hoteli. Wageni wa mchana huruhusiwa kwa kulipa kiingilio, na karibu yake kuna kisima cha ngazi cha ghorofa nyingi kuelekea chini ya ardhi. Adui wa njia hii ni foleni ya malori ya Gurugram na Manesar, kwa hiyo msiende Jumamosi wala Jumapili.

Sasa kuhusu gari. Tazameni kibao cha namba: gari la biashara lenye dereva huwa na kibao cha manjano chenye herufi nyeusi, na gari la kukodi la kujiendeshea huwa na kibao cheusi chenye herufi za manjano. Mtu akiwaletea gari la kibao cheupe, hilo ni gari la binafsi na halina kibali cha kuwabeba kwa malipo, na mkisimamishwa safari inaishia hapo. Kabla ya kukubaliana bei, ulizeni mambo manne: kama kodi ya kuvuka mpaka wa jimbo imo ndani, maana Sultanpur na Murthal ni Haryana, Neemrana ni Rajasthan, na Agra ni Uttar Pradesh, kama malipo ya barabara yamo, posho ya dereva ni kiasi gani, na kilomita ngapi zimehesabiwa. Gari liwe na FASTag, kibandiko cha kulipia barabara kielektroniki, kwenye kioo, kwa sababu tangu Februari 2021 asiye nayo akilipa taslimu hutozwa mara mbili. Tena, hewa ya Delhi ikichafuka kupita kiwango, serikali huzuia magari ya petroli ya kiwango cha BS-III na ya dizeli ya BS-IV (BS ni viwango vya India vya moshi wa magari) kutembea mjini na katika wilaya za jirani, kwa hiyo ulizeni mapema gari ni la kiwango gani. Polisi wakiomba nyaraka mtasikia maneno mawili mnayoyajua tangu utoto, *gari* na *bima*. Ni yale yale, yalitoka huku yakavuka bahari.

Mchangiaji wa 2

Asante sana, ndugu, kwa maelezo yaliyotulia. Nina swali la dhati. Baba yangu anamaliza matibabu na anarudi Mwanza wiki ijayo. Amesema hawezi kufika India na kurudi bila kuiona Taj Mahal. Tunamwambiaje?

Mleta uzi

Dada, usimnyime, ila badilisha namna ya kwenda. Ondokeni Delhi saa nne asubuhi, fikeni Agra alasiri, laleni huko, na asubuhi msiamke mapema. Vitabu vya wageni vitawaambia muwe langoni macheo, lakini Januari macheo ya Agra mara nyingi ni ukuta mweupe, watu wanapiga picha za kitu wasichokiona. Ingieni saa tano. Ukungu huinuka kuanzia chini, kwa hiyo kwanza utaona jukwaa la marumaru, kisha milango, na kuba hutokea mwisho kabisa, polepole, na baba ataketi pale kwenye benchi aone lote likifunuka. Mimi niliirudia peke yangu mwaka uliofuata na ndivyo nilivyoiona. Rudini saa saba mchana. Msiende Ijumaa, kwa sababu Taj hufungwa kwa watalii siku hiyo, na wanaoruhusiwa ni wanaokwenda kuswali mchana. Katika barabara ya Yamuna mwendo wa magari madogo hupunguzwa majira haya kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 75, na kamera zipo, kwa hiyo msimhimize dereva. Ikiwa baba hawezi kulala nje, basi treni ni salama kuliko gari, ingawa nayo huchelewa ukungu ukiwa mzito.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mwanafunzi Noida na huendesha mwenyewe. Naongeza machache kwa wanaotaka kujiendeshea. Usukani uko kulia na tunapita kushoto kama nyumbani, na hilo huwadanganya watu wakadhani kila kitu ni sawa. Ukungu ukikukuta njiani, usiwashe taa kali, kwa sababu mwanga unarudi machoni mwako. Tumia taa za chini na zile za ukungu. Usiwashe taa za dharura zinazomweka ukiwa unatembea, ijapokuwa utawaona wengi wakifanya hivyo, kwa sababu anayekufuata hawezi kujua kama umesimama au unakwenda, na ishara zako za kugeuka hazionekani tena. Fuata mstari wa kushoto, si taa za gari lililo mbele. Likiacha njia, nawe utaacha njia. Na usisimame kamwe barabarani. Novemba 2017 magari mengi yaligongana moja baada ya jingine katika barabara hii hii ya Yamuna, na video yake inaonyesha watu waliokuwa wametoka salama wakikimbia ili wasigongwe na yaliyokuwa bado yanakuja. Ukilazimika kusimama, toka kabisa nje ya lami, watu wote washuke upande wa mbali na magari na wasogee pembeni.

Mchangiaji wa 4

Nami nina mtoto mwenye pumu. Je, kutoka nje ya Delhi kunamsaidia kupumua, au tunajidanganya?

Mleta uzi

Mama, nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi huamini kwamba ukivuka mpaka wa mji umeuacha moshi nyuma. Haiko hivyo. Uwanda wote umefunikwa, na siku ambayo Delhi ni mbaya, Panipat na Sultanpur kwa kawaida nazo ni mbaya. Kabla ya kutoka tazama kipimo cha ubora wa hewa katika programu ya serikali iitwayo Sameer. Kipimo kikiwa juu ya 400, hicho ni kiwango cha mwisho kwa ubaya katika madaraja yao sita, na mimi kwa mtoto wa pumu ningeahirisha safari bila kusita. Siku nzuri ni ile inayofuata mvua au upepo mkali, hapo hewa husafishika kwa siku moja au mbili. Muulize daktari wake kwanza, beba dawa yake ya kuvuta ndani ya mkoba wako mwenyewe wala si kwenye buti, na mchana uwe mfupi.

Mchangiaji wa 5

Ndugu mleta uzi, nakubaliana na mengi, ila umeiacha Bharatpur. Hakuna mahali pa ndege panapoifikia.

Mleta uzi

Umesema kweli, na sikuisahau. Keoladeo ya Bharatpur ni ya pekee: kilomita za mraba zipatazo 29 za mabwawa yaliyochimbwa na kulindwa na watawala wa Bharatpur kwa ajili ya uwindaji wa bata, na tangu 1985 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Ndani yake kuna bamba la mawe lenye orodha ya mawindo ya wageni wakubwa, na siku moja ya Novemba 1938, Linlithgow aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza na wenzake waliua ndege 4,273. Nilisimama mbele ya namba ile nikaisoma mara mbili. Korongo weupe wa Siberia, waliokuwa fahari ya mahali hapo, hawajaonekana tena tangu mwaka 2002. Leo unazungushwa na waendesha baiskeli za magurudumu matatu ambao wanawajua ndege kwa majina na kwa sauti. Aliyenichukua mimi alisimamisha baiskeli, akanionyesha bundi wadogo wawili ndani ya tundu la mti ambao nisingewaona hata kama ningekaa hapo mwezi. Lakini iko takriban kilomita 200, na barabara ni ile ile ya ukungu. Kwa hiyo nenda, ila lala huko. Kuiweka katika safari ya siku moja ya Januari ni kuionea, na kujionea wewe mwenyewe.

Kwa wanaoweza kusubiri, Februari inaleta nafuu kubwa. Ukungu unapungua, mashamba ya haradali yanakuwa bado na maua ya manjano pande zote za barabara, na huko Faridabad, mlangoni mwa Delhi, kunakuwa na maonyesho ya kazi za mikono ya Surajkund, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu 1987.

Mchangiaji wa 2

Narudi kutoa taarifa. Baba aliamua mwenyewe, baada ya kusomewa uzi huu, kwamba Agra hataiweza, na akachagua ndege. Tulikwenda Sultanpur jana, tukaondoka saa nne kamili. Njiani ukungu ulikuwa umebaki mabondeni tu. Alitembea hadi mnara wa pili, tukakodi darubini pale langoni, na aliwaona bata wa mdomo mpana. Amesema hao anawajua, aliwaona ziwani zamani akiwa kijana, na hakuna aliyewahi kumwambia walikuwa wakitokea wapi. Tulirudi mjini saa kumi na moja na robo, bado kuna mwanga.